Priampu ya santuri kwa nyumba ya Tabora: ibaki ya ndani ya mashine, inunuliwe, au iundwe na fundi?

Nyumba nyingi za Tabora zenye santuri leo hazina tena redio kubwa ya mbao. Santuri zenyewe zimebaki, hasa zile ndogo za 45 za bendi za mji huu kama Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Mashine ya kuzipigia imetoka Dar au imeletwa na ndugu aliye nje, na sauti inatokea kwenye sabufa ile ile ya taarifa ya habari na mpira. Kati ya mashine na sabufa lazima pawe na priampu, yaani kikuzaji cha sauti ndogo inayotoka kwenye sindano, na hapo ndipo swali linapokuja: uendelee na iliyomo ndani ya mashine, ununue kisanduku cha bei ya chini, ujikaze ununue cha juu, au umkabidhi fundi redio aunde?

Msimamo wetu tuuweke mapema. Kwa mwenye katriji (kichwa kinachobeba sindano) ya kawaida ya MM anayesikilizia sabufa, kisanduku cha kati chenye swichi za kurekebisha kinashinda cha ghali kisicho nazo. Cha ghali kinastahili pesa yake kwa mwenye katriji ya MC; aina hizi mbili tunazieleza hapa chini. Ya fundi inaweza kuzizidi zote, kwa sharti moja: fundi awe na mita inayopima kapasita, kile kipuri kinachotunza chaji ya umeme. Na kwa umeme wa nyumba zetu, namna priampu inavyolishwa ina uzito kuliko jina la IC, yaani chipu ya kukuzia, iliyomo ndani.

Priampu inafanya kazi mbili

Kazi ya kwanza ni kukuza. Katriji ya MM, yaani ile ambayo sumaku ndogo inatikisika mbele ya koili zilizotulia, hutoa milivolti 3 hadi 6 tu kwa kipimo cha kawaida. Tundu la AUX la sabufa linataka angalau volti 0.3 ili spika zijae. Kwa hiyo priampu inakuza takribani mara 100, sawa na desibeli 40. Katriji ya MC, ambayo koili ndizo zinazotikisika, hutoa milivolti 0.2 hadi 0.5, na inahitaji kukuzwa mara 1,000, yaani desibeli 60.

Kazi ya pili ni kurudisha sauti mahali pake. Santuri inapokatwa, besi hupunguzwa ili mfereji usiwe mpana ukala nafasi yote, na trebo huongezwa. Wakati wa kupiga, priampu inafanya kinyume: inainua besi na kushusha trebo, na ule mchakacho wa uso wa plastiki unashuka pamoja na trebo. Kanuni inayotumika ni RIAA, iliyowekwa Marekani mwaka 1954 na kufuatwa karibu kila mahali baada ya hapo. Ukilinganisha na hezi 1,000, inataka ongezeko la desibeli 19 hivi kwenye hezi 20 na upungufu wa karibu desibeli 20 kwenye hezi 20,000. Santuri za kasi ya 78 za kabla ya hapo zilikatwa kwa kanuni mbalimbali na zinataka sindano nene zaidi. Hizo ni habari nyingine.

Ukielewa kazi hizi mbili, unaweza kujiepusha na gharama ya bure. Sauti ikiwa ndogo, nyembamba, haina besi hata kidogo, maana yake hakuna priampu njiani. Besi ikibubujika na sauti ikipasuka hata ukipunguza, maana yake umepitia priampu mbili: swichi ya nyuma ya mashine iko LINE na waya umechomekwa kwenye tundu la PHONO la amplifaya. Hali zote mbili hutibiwa kwa kusogeza swichi.

Soma katriji kwanza

Mashine za zamani za Garrard na BSR zilizofungwa ndani ya redio za mbao mara nyingi zina katriji ya kauri, na nyingi zina kiwiko kidogo cha kugeuza sindano kati ya 78 na santuri za kawaida. Katriji hiyo hutoa mamia ya milivolti na haitaki RIAA wala mzigo (ukinzani wa upande wa priampu) wa kilo-omu 47 kama MM; inataka mzigo mkubwa, karibu megaomu 1. Ukiipitishia priampu ya MM unaiharibu sauti. Kama huna hakika, weka mita kwenye pini mbili za upande mmoja: MM husoma kati ya omu 400 na 1,500 hivi, ya kauri haisomi chochote. Ile unayoijua kwa jina kuwa ni MC usiipime hivyo, koili zake ni nyembamba mno kwa mkondo wa mita.

Baada ya aina, tazama karatasi yake. Mifano mitatu inatosha kuonyesha tofauti. Audio-Technica AT-VM95E inatoa milivolti 4, koili yake ina milihenri 550, na inataka mzigo wa pikofaradi (kipimo cha kapasita) 100 hadi 200. Ortofon 2M Red inatoa milivolti 5.5, ina milihenri 700, na inataka pikofaradi 150 hadi 300. Denon DL-103 ni MC ya milivolti 0.3, na kwa priampu ya MM pekee itasikika kama mtu anayenong'ona chumba cha pili.

Hizi pikofaradi watu huziruka, na ndizo zinazoamua kama trebo itakuwa safi au itakwaruza masikio. Koili ya katriji ikikutana na kapasita, huunda mwinuko kwenye masafa fulani. Kwa AT-VM95E, ukiwa na jumla ya pikofaradi 350, mwinuko unakaa karibu na hezi 11,500, katikati kabisa ya matoazi na herufi "s" za mwimbaji. Ukishusha jumla hadi 150, mwinuko unahamia hezi 17,500, ambako wengi wetu tuliovuka miaka arobaini hatusikii sana. Jumla hiyo unaihesabu hivi: waya wa RCA wa kawaida (ule wa plagi nyekundu na nyeupe) ni kama pikofaradi 100 kwa kila mita, waya wa ndani ya mkono wa mashine unaongeza kidogo, halafu unajumlisha iliyomo ndani ya priampu. Waya wa mita 1.2 na priampu ya pikofaradi 220 tayari umefika 350 hivi. Ndiyo maana kufupisha waya mara nyingine ni uboreshaji mkubwa kuliko kubadilisha kisanduku.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kigezo ambacho hakitajwi dukani ni kiasi gani cha umeme wa katriji priampu inaweza kupokea kabla haijapasua sauti. Santuri za 45 zilikatwa kwa sauti ya juu, na sehemu zenye nguvu hutoa mara nne hadi tano ya kipimo cha kawaida; katriji ya milivolti 4 inafika 16 hadi 20. Mkwaruzo unapita hapo. Priampu iliyobanwa ikipigwa na mkwaruzo inajaa, na inachukua muda kidogo kurudi sawa, kwa hiyo badala ya "ta" fupi unasikia "taaash". Santuri iliyopigwa baa miaka ya 70 ina mikwaruzo ya kutosha kuufanya muziki wote usikike mchafu, na mtu anailaumu santuri.

| Aina | Umeme unaoilisha | Inapokea hadi takribani | Marekebisho |
|---|---|---|---|
| Ya ndani ya mashine au ya USB | volti 5, upande mmoja | milivolti 10 | hakuna |
| Kisanduku cha bei ya chini | volti 12, upande mmoja | milivolti 35 | hakuna |
| Ya fundi, yenye IC ya NE5532 | volti 12 chanya na 12 hasi | milivolti 70 | unavyotaka |
| Saketi ya volti 15 chanya na hasi | pande mbili | milivolti 90 | hutegemea muundo |

Upande mmoja maana yake umeme chanya na ethi tu; pande mbili ni chanya na hasi. Namba hizi ni hesabu ya ukuzaji wa mara 100 bila saketi ya ndani ya kuongeza volti. Kuna visanduku vya volti 12 vinavyozalisha upande hasi ndani kwa ndani na vinapokea zaidi.

*Ya ndani ya mashine.* Mashine kama Audio-Technica AT-LP60 zinakuja na priampu yake. Ina faida moja ya kweli: waya kutoka katriji hadi priampu ni mfupi, kwa hiyo pikofaradi ni chache na mvumo hauna pa kuingilia. Kama santuri zako ni safi na unasikiliza kwa sauti ya wastani, ibaki nayo, pesa ipeleke kwenye sindano mpya. Sindano iliyolika hakuna priampu itakayoiponya, na inaendelea kuchimba santuri zako kila unapopiga.

*Kisanduku cha bei ya chini*, mfano Behringer PP400. Kina RIAA sahihi na mzigo wa kilo-omu 47, hakina kitufe chochote. Kwa mwenye mashine isiyo na priampu kabisa, hiki kinamfikisha. Kwa anayetoka priampu ya ndani ya mashine nzuri, tofauti ni ndogo kuliko anavyotarajia, na adapta yake mara nyingi ndiyo chanzo cha kelele mpya.

*Kisanduku cha kati*, mfano ART DJ Pre II. Bei yake ni kama mara tatu ya kile cha chini, na hapa ndipo tunapoona thamani kubwa. Kina swichi ya pikofaradi 100 au 200, kitufe cha kuongeza au kupunguza ukuzaji, na swichi ya kukata masafa ya chini kabisa. Hiyo ya mwisho kwa wenye sabufa ni lazima. Santuri ya 33 iliyopinda huzunguka karibu mara 0.56 kwa sekunde, na mkono wa mashine wenyewe una mtikisiko wake kati ya hezi 8 na 12. Masikio hayasikii hayo, lakini spika ya sabufa inayaona: inaingia na kutoka bila sauti yoyote, inakula nguvu ya amplifaya, mwishowe koili yake inaungua. Ukiona kipaza kinatikisika wakati hakuna muziki, bonyeza swichi hiyo. Kitufe cha ukuzaji nacho kinasaidia: kwa katriji yenye nguvu unakirudisha chini ili mikwaruzo isiijaze priampu.

*Vya juu*, kama Schiit Mani 2 au Cambridge Audio Duo. Mani 2 inakupa hatua nne za ukuzaji, desibeli 33, 42, 48 na 60, pamoja na kuchagua mzigo. Duo inachukua MM na MC, inachomekwa umeme moja kwa moja bila adapta ya nje, na ina kichujio cha masafa ya chini. Kwa mwenye DL-103 au mwenzake, mjadala unaishia hapa; desibeli 60 zenye utulivu si kazi ya kisanduku cha bei ya chini. Kwa mwenye AT-VM95E na sabufa, unalipa mara tano au zaidi ya bei ya kisanduku cha chini kupata kitu ambacho spika zako hazitakionyesha. Angalizo la Mani: adapta yake hutoa umeme wa AC, siyo DC, na huuzwa kwa nchi tofauti. Ndugu akikununulia Marekani bila kuuliza, utaletewa ya volti 115; ukiichomeka kwenye volti 230 za TANESCO itakufa papo hapo, na pengine na priampu yenyewe.

*Amplifaya ya zamani yenye tundu la PHONO.* Ukiwa nayo, itengeneze kabla hujanunua chochote. Amplifaya nyingi za miaka ya 70 zina priampu iliyolishwa volti nyingi na inayopokea zaidi ya milivolti 100 bila kupasuka. Kinachochoka ni kapasita za kuchuja umeme na kutu kwenye swichi za kuchagulia. Dawa ya kusafishia swichi na kapasita chache mpya za volti ile ile au ya juu zaidi, hapo umepata priampu ambayo kuinunua mpya ni ghali.

Kubadilisha IC pekee

Wapo wanaofungua kisanduku na kung'oa IC ya zamani ili waweke "bora". IC za pini nane zenye amplifaya mbili ndani, yaani 4558, TL072, NE5532, OPA2134 na LM4562, zina mpangilio mmoja wa pini, kwa hiyo kuingia zinaingia. Kutoka TL072 kwenda NE5532 ile shwaa ya chini chini inapungua, kwa sababu kelele ya TL072 ni nanovolti 18 na ya NE5532 ni 5. Kutoka NE5532 kwenda LM4562 hutasikia kitu kwa katriji ya MM. Kelele ya volti ya LM4562 ni ndogo, lakini kelele yake ya mkondo ni kubwa zaidi, na ikipita kwenye koili ya milihenri 550 inarudisha ulichokiokoa.

Linaloharibika ni hili. NE5532 inavuta mkondo mdogo kwenye pini ya kuingilia, karibu nanoampea 200. Kwenye saketi yenye kapasita ya kuingilia, au katriji isipochomekwa, mkondo huo wote hupita kwenye rezista ya kilo-omu 47 na kuzaa milivolti 9.4. Kama saketi ilibuniwa kwa TL072 na haina kapasita kwenye mguu wa ukuzaji (rezista inayotoka kuingilia hasi kwenda ethi), hizo milivolti 9.4 zinakuzwa mara 1,000 hivi na IC inaganda upande mmoja wa umeme. Sauti inakuwa kavu au inatoweka. NE5532 pia inakula milliampea 8 hivi, wakati TL072 inakula chini ya 3, na adapta dhaifu inaweza kuonyesha mvumo ambao haukuwepo. Weka soketi ya IC kabla ya kubadilisha, na chomea kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini ya 8 na ya 4. Bila hiyo IC yenye kasi hupiga mluzi usiosikika, ikapata moto na kuchafua trebo.

Ya kuundwa na fundi

Tunaipenda hii kwa sababu vipuri vyake ni vya kawaida, vinapatikana Kariakoo na kuletwa kwa basi, na kila kinachoharibika kinatengenezeka hapa hapa. NE5532 moja inatosha pande zote mbili. Kwa kila upande fundi anahitaji:

- rezista ya kilo-omu 47 kwenye kuingilia, kwenda ethi;
- rezista ya omu 100 ikifuatana na kapasita ya mikrofaradi 220, kutoka pini ya kuingilia hasi kwenda ethi;
- mtandao wa RIAA kutoka pini ya kutolea kurudi kuingilia hasi: kilo-omu 88.2 (82 na 6.2 zikifuatana) sambamba na nanofaradi 36, kisha kwa mfuatano kilo-omu 7.5 sambamba na nanofaradi 10;
- kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye kutolea, na kilo-omu 100 kwenda ethi baada yake.

Ukuzaji wake kwenye hezi 1,000 ni desibeli 39.8. Nanofaradi 36 hazipatikani kwa kipande kimoja. Weka 33 na 3.3 sambamba, tofauti iliyobaki haisikiki. Kapasita za mtandao huu ziwe za plastiki, siyo zile sahani ndogo za kauri, na hapa ndipo mita ya kupima kapasita inapohitajika. Kapasita iliyoandikwa nanofaradi 33 inaweza kuwa 30 au 36. Kulia na kushoto zisipofanana, mwimbaji hakai katikati, anavutwa upande mmoja kwenye besi na upande mwingine kwenye trebo. Nunua kumi, zipime, chagua mbili zinazokaribiana. Rezista ziwe za asilimia 1. Na usikubali fundi aweke TL072 kwenye saketi hii: kwenye trebo ya juu mtandao unaielemea IC kwa karibu kilo-omu 1, mzigo ambao NE5532 inaubeba bila shida na TL072 inahangaika nao.

Umeme wake: transfoma ya volti 15-0-15, dayodi nne, kapasita mbili za mikrofaradi 1,000, kisha regyuleta (vipuri vya kutuliza volti) 7812 na 7912. Kwa nini si 7815 na 7915 zinazoonekana kwenye michoro mingi? Kwa sababu ya jioni zetu. Umeme ukiwa volti 230, transfoma na dayodi zinatoa karibu volti 20.5 kwa kila upande. Ukishuka hadi 190, zinabaki volti 16.8 hivi, na 7815 inahitaji angalau 17 ili itulie. Hapo inaachia mvumo wa hezi 100 upite. 7812 inaendelea kufanya kazi. Kapasita ziwe za volti 35, siyo 25, kwa ajili ya siku umeme unapopanda.

Kosa linalorudiwa na mafundi wazuri kabisa: pini za 7912 hazifuatani kama za 7812. Ya 7812 ni kuingia, ethi, kutoka. Ya 7912 ni ethi, kuingia, kutoka. Bati la mgongoni la 7912 pia limeungana na kuingia, kwa hiyo likigusa boksi la chuma ni moto. Transfoma iwekwe kwenye boksi lake, mita moja kutoka kwenye mashine. Ikikaa pamoja na saketi, katriji itaudaka uga wake na hakuna ethi itakayouondoa.

Umeme, mvumo na betri

Kabla ya kulaumu priampu yoyote, sikiliza aina ya mvumo. Ule mzito wa hezi 50 unaobadilika ukigusa mkono wa mashine au ukiisogeza ni wa ethi au wa transfoma iliyo karibu. Funga ule waya mwembamba wa mashine kwenye skrubu ya priampu, uhakikishe umekwangua kutu, na uondoe mashine juu ya sabufa. Mvumo mkali zaidi, wa hezi 100, usiobadilika kwa lolote, unatoka kwenye umeme wa priampu: kapasita imechoka au volti imeshuka. Mlio wa kukereketa unaokuja na kuondoka kwa kawaida ni regyuleta ya feni ya dari. Zima feni uhakikishe. Sabufa nyingi zina plagi ya pini mbili isiyo na ethi, na kuigeuza tu kwenye soketi mara nyingine kunashusha mvumo. Usikate pini ya ethi ya kifaa chochote ili kuondoa mvumo.

Kwa visanduku vinavyokula volti 12 za DC tunashauri betri bila kusita. Betri ndogo ya ampea-saa 7, ile ya sola au ya kengele ya ulinzi, ikilisha kisanduku cha milliampea 100 inakwenda zaidi ya saa 30 bila kushuka chini ya nusu. Mvumo wa adapta unaisha, na umeme ukikatika priampu haijui. Weka fyuzi ya ampea 0.5 kwenye waya chanya, karibu na betri. Usisikilize wakati betri inachajiwa, maana hufika volti 14.4 na chaja huingiza kelele. Na soma nyuma ya kisanduku: kama imeandikwa AC, betri haihusiki.

Wakati wa mvua, radi ikianza kutanda, chomoa adapta na waya wa RCA vyote viwili. Wakati wa kiangazi vumbi ndilo adui: jeki zilizoachwa wazi hushika uchafu na sauti ya upande mmoja hukatika katika. Kuzichomeka na kuzichomoa mara tatu nne hurudisha mguso.

Kwa santuri za mono, nyaya mbili na rezista mbili

Santuri nyingi za 45 za bendi zetu za zamani zilirekodiwa mono. Ukizipiga kwa katriji ya stereo, muziki uko sawa pande zote mbili, lakini sehemu kubwa ya mikwaruzo na uchafu haiko sawa. Ukiunganisha pande mbili, muziki unabaki na kelele inapungua waziwazi. Usiziunganishe moja kwa moja kwa waya wa Y kwenye kutolea, IC mbili zitasukumana. Weka rezista ya kilo-omu 1 kwenye kila upande, ziunganishe baada ya rezista, kisha peleka pande zote mbili za sabufa. Kwa mwenye kabati la santuri za Tabora, uboreshaji huu wa bei ya soda unasikika kuliko kuruka kutoka kisanduku cha kati kwenda cha juu.

Kabla ya kulipa

Iwe dukani au kwa fundi, pima. Weka kwenye simu programu inayotoa mlio wa masafa, pitisha sauti kwenye rezista ya kilo-omu 10 na omu 100 ili ipungue mara mia, na ingiza kwenye priampu kutoka kwenye ile ya omu 100. Simu ikitoa volti 0.5, priampu inapata milivolti 5. Kwa hezi 1,000 mita ya AC isome karibu volti 0.5 kwenye kutolea. Badilisha hadi hezi 100 bila kugusa sauti ya simu: isome mara 4.5 ya mwanzo, yaani volti 2.2 hivi. Ikisoma sawa na mwanzo, hicho ni kikuzaji cha maikrofoni kilichoandikwa PHONO, kirudishe. Ikisoma kama mara 3.5 kwa ile ya fundi, uwezekano mkubwa amechomea kapasita ya mikrofaradi 22 mahali pa 220. Kulia na kushoto zisipishane zaidi ya asilimia 5. Usipime hezi 10,000 kwa mita ya bei ya chini, haisomi sawa huko juu. Mwisho geuza mita kwenye DC: kutolea kusiwe na zaidi ya milivolti chache, vinginevyo kapasita ya mikrofaradi 10 inavuja, ibadilishwe kabla haijafika kwenye sabufa.